Mwanaume wa Kubeba Mtungi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Na ninyi wanaume wenzangu, msikimbilie kuzima redio, maana leo ni zamu yetu. Tunamkumbuka Mzee Mabula wa Kalangalala, tuliyemzika Jumanne. Mabula mchimba dhahabu. Mume wa marehemu Zipora.

Mwaka 1936 walikuwa vijana, machimboni Geita. Mabula alichimba, Zipora na wanawake wengine waliwapikia wachimbaji kando ya shimo. Mwiko wa pale ulijulikana: mwanamke aliye hedhini asisogelee shimo, dhahabu itakimbia. Asubuhi moja Zipora akamnong'oneza mumewe, "Siku zangu zimefika. Niombee ruhusa nipumzike."

Mabula aliona haya. Akamjibu, "Wewe pika tu. Nani atajua?"

Siku ile mawe yakatoka matupu. Msimamizi wao, Sabiti, akafoka, "Ni nani kati ya wanawake hawa aliye hedhini?" Mabula akaogopa kufukuzwa kazi. Akanyoosha kidole. Akamnyooshea mkewe, wasikilizaji. Mkewe mwenyewe!

Zipora alifukuzwa akizomewa, damu ikionekana kwenye nguo yake. Alitembea hivyo hivyo mpaka kwao, Segese. Mabula alikuwa na shuka begani, na hakumpa. Aibu gani hii, jamani!

Zipora aliondoka, na shimo bado halikutoa kitu. Mabula akaelewa alichokifanya. Akaenda Segese, akapiga magoti mbele ya wakwe zake. Zipora akakubali kurudi. Lakini binti yao, Mama Justa, anasema, "Mama alimsamehe kwa mdomo. Siku zake hakumwambia tena."

Basi Mabula akaanza kuchota maji. Mwanaume na mtungi kichwani, Usukumani, miaka ile! Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu: "Bhabehi, jamani, Mabula kaolewa!" Akapita na mtungi wake. Kila alfajiri aliweka mlangoni maji ya kuoga, na kipande cha kaniki kilichofuliwa.

Nikamuuliza Mama Justa, kwa nini kila siku?

"Angejuaje ni siku ipi? Mama alizeeka, damu ikakoma, baba bado anachota. Hata hilo hakuambiwa."

Mama Justa, na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze Mzee Mabula pema. Nasi wanaume tuliobaki, tujiulize jambo moja kabla ya kulala: mkeo au binti yako akiwa katika siku zake leo, anathubutu kukuambia?