Mbuzi wa Kumkomboa Binti Mfalme

Kijiwe chetu cha Musonoi ni ubao juu ya matairi mawili ya lori, mbele ya birika la kahawa la Mama Latifa. Mimi huitwa Tata Safari, kwa kuwa nimefika Ndola, Kigoma na Dar es Salaam, na kote nilirudi maskini kuliko nilivyokwenda. Lakini jambo tulilofanya Jumamosi iliyopita kwenye mchezo wa kale wa Mwalimu Kisimba sijaliona popote. Mfalme wa mchezo aliapa kumuua aliyefungua lango la bwawa, maji yakavamia mji. Kumbe ni binti yake mwenyewe, aliyetaka tu kumwagilia bustani ya bibi yake. Mfalme alipoinua panga, Swedi, mwenye malori, alitoka mbio akarudi jukwaani na mbuzi wa faini, kama tunavyosuluhisha mambo kwetu. Ngeleka, dereva wa mgodi wa Mashamba aliyecheza mfalme, akalia, akapokea kamba. Mchezo ukaishia hapo! Leo unarudiwa, na mwalimu kasema: akipokea tena, ufalme anapewa mwingine.

— Sitwayen Ngeleka, alianza Swedi, mbuzi ya leo iko mukubwa kupita ile.

— Tata Swedi, uniachie! Mwalimu anasema niangalie ule mfalme na miwani mbalimbali, ni kusema na mawazo ya batu mbalimbali, njo nitajua kumucheza.

— Miwani ya nini? Mungu alishaandika yote. Hata angefunga kinywa, angeapa mu ndoto!

Kabeya, mtu wa chama cha wafanyakazi, akaruka.

— Mungu anaingia namna gani mu mambo ya lango? Kosa ni ya patron. Lango ilikuwa na kufuli? Hapana! Ule mfalme anahukumu mutu juu ya kufuli yenye yeye mwenyewe hakununua.

— Na mama ya mutoto? akauliza Latifa akimimina. Mu muchezo yote malkia alisema tu «ole wetu». Bangemuuliza yee, mutoto angechapwa, sisi tungeenda kulala.

Nami, msomi wa vituo vya treni, sikubaki nyuma.

— Shida ni baba ya mfalme. Hakumuchekea hata siku moja. Mutu wa vile anakomaa, anaapa-apa tu.

— Ulimujua wapi, baba ya mfalme? akauliza Latifa.

— Kigoma.

Tukacheka wote, isipokuwa Ngeleka.

— Siku ile nikashika kamba, moyo ikapoa. Kufika ku nyumba, nikasikia haya. Juu ya nini, sijui.

Mwanamke mmoja aliyeshuka treni ya Tenke alikuwa ameweka mzigo chini, akingoja kikombe.

— Samahani, ba-tata. Ile maji iliua batu?

— Iliua, mama, akasema Swedi. Batoto ba mufinyanzi.

— Bote?

— Bote.

— Na mama yabo, alipata mbuzi gani?

Sote tulikuwa tumemwona yule mama: alivuka jukwaa mara moja, sufuria tupu mkononi, bila neno, na sisi tukawa tunamtafuta mbuzi.

Ngeleka akasimama, akafunga vifungo vya koti lake la abakosi polepole, kama mtu anayeitwa kanisani.

— Mama, leo jioni uje ku sale ya muchezo. Ukae mbele kabisa, mi nipate kukuona wakati mbuzi itafika.