Bi Lini, Aliyetaka Fedha Zifike Kabla ya Mvua

Kitu cha kwanza ambacho watoto wa kaka yake walikigundua kwa marehemu ni kwamba ahadi haikupita mbele yake bila kuulizwa siku. Mtoto akisema, "Shangazi, nitaosha vyombo," hakusifiwa. Aliulizwa kwa upole, macho kwa macho, "Vizuri, mwanangu. Lini?" Ukijibu "baadaye", alivuta kiti akakaa karibu na karo kukusubiri. Ndivyo alivyopata jina la Bi Lini, jina alilolipenda kuliko vyeo vyote alivyowahi kupewa.

Bi Lini alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika kijiji cha wakulima wa mahindi, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mkulima. Mama yake alipenda kusimulia kwamba katika watoto wake wote, huyu ndiye pekee aliyekuja siku ileile aliyoitaja mkunga.

Alianza shule ya msingi ya kijijini mwaka 1965, na mwaka 1972 akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni ya wasichana. Mwaka huo mvua ilikata barabara, akafika shuleni muhula umeshaanza na kitanda chake kimeshapewa mwenzake. Mkuu wa shule alimwambia arudi nyumbani ajaribu mwakani. Bi Lini aliketi juu ya sanduku lake nje ya ofisi na kukataa kuondoka, mpaka mpishi akamhurumia na kumtafutia godoro. Alimaliza akiwa wa pili darasani, kisha akahitimu stashahada ya kilimo mwaka 1979.

Alianza kazi kama bibi shamba, akizunguka vijijini kwa baiskeli iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Katika mizunguko hiyo alikutana na fundi redio mmoja, kijana mpole mwenye aibu, ambaye baada ya kumtengenezea redio mara tatu bila malipo alijikaza akasema, "Dada, siku moja nitakuja kwenu kuzungumza na wazazi wako." Naye akamjibu, "Lini?" Fundi alibabaika, akatamka "Jumamosi", ilhali hata baba yake mwenyewe alikuwa hajamgusia. Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Kwa miaka thelathini na minane fundi huyo aliwaambia wateja wake kwamba tangu siku ile hajawahi kuchelewesha redio ya mtu.

Mwaka 1993 Bi Lini aliajiriwa kuwa mratibu katika mfuko wa maendeleo uliochangiwa na mataifa ya nje ili kupunguza umaskini vijijini. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye feni isiyozunguka na ramani ya wilaya iliyopauka upande uliopigwa na jua. Aliingia humo na matumaini tele. Msimu wa kwanza tu, matumaini hayo yalitiwa maji.

Mfuko ulifunga hesabu zake kwa kalenda ya makao makuu yaliyokuwa nchi za mbali, ambako hakuna aliyejua mkulima anapanda mwezi gani. Fedha ziliidhinishwa zikiwa zimechelewa, na zilipaswa kutumika kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Basi lori la mbegu za mahindi liliingia kijijini wakati mahindi ya watu yameshatoa mbelewele. Wanakijiji walipangwa mstari wapigwe picha wakipokea mifuko. Mama mmoja akaupokea wa kwake, akamgeukia Bi Lini na kumwuliza kwa sauti ya kusikika, "Mwanangu, hizi tuzipande wapi? Kichwani?" Watu walicheka mpaka mpiga picha akashindwa kazi. Bi Lini hakucheka. Ripoti ilipoandikwa kwamba mbegu zote zimegawiwa na mradi umefanikiwa, alikataa kutia sahihi. Hapo ndipo alipojifunga kibwebwe.

Aligundua pia kwamba wageni wa mfuko walikuja kukagua wakati wa kiangazi tu, barabara zikiwa nzuri na maghala yakiwa yamejaa. Kwa mtindo huo walijenga zahanati nzuri ya matofali ng'ambo ya kijito ambacho kiangazi mtu hukivuka kwa hatua moja. Masika kijito kile huwa mto, na mgonjwa hubaki ameketi ukingoni akiitazama zahanati yake. Mkurugenzi mpya wa mfuko alipoomba kutembezwa, Bi Lini alimpangia ziara katikati ya mvua. Wenzake walimwambia anajitafutia kufukuzwa. Dereva naye alisimamisha gari kwenye mteremko, akazima injini.

"Mama, hapa hata trekta linaomba ruhusa kwanza."

"Teremka nalo, baba. Wenyeji hupita kila siku."

"Wenyeji hawana matairi!"

Gari lilizama kwenye tope hadi milangoni. Mkurugenzi alishuka kusukuma, akapoteza kiatu, akafika ukingo wa mto mguu mmoja ukiwa na soksi tupu. Upande wa pili mganga wa zahanati alikuwa amesimama mlangoni akiwapungia mkono, hana wagonjwa. Mkurugenzi akauliza, "Nani aliyechagua kiwanja hiki?" Bi Lini akamjibu, "Sisi, bosi. Mwezi wa nane."

Kuanzia siku hiyo alisikilizwa, ingawa kusikilizwa si kukubaliwa. Ombi lake lilikuwa fupi: fedha ziahidiwe kwa miaka mitano badala ya mmoja, zitolewe kabla ya mvua, ziingie moja kwa moja katika akaunti ya kijiji, na mkutano wa kijiji wenyewe uamue zifanye nini na usomewe matumizi hadharani. Kwenye ukumbi wenye viti vya ngozi, mjumbe mmoja alimkatiza, "Mama, watu hawa wataziiba."

"Huenda," alisema. "Lakini mwizi wao watamjua kwa sura, na mlango wake wanaufahamu. Wa kwetu humu ofisini, mheshimiwa, tunamjua?"

Baada ya miaka mingi ya kukataliwa, mwaka 2016 alipewa vijiji vichache vya kujaribia. Msimu wa kwanza kijiji kimoja kilijenga kivuko cha waenda kwa miguu, kingine kikanunua mbegu na kuzipanda kwa wakati. Katika cha tatu mambo yalikwenda mrama: mwenyekiti wa kamati alichota fedha za kijiji akajinunulia pikipiki. Ofisini walimshauri Bi Lini anyamaze hadi ukaguzi wa wafadhili upite. Alipanda basi asubuhi, akaenda kuwaambia wafadhili yeye mwenyewe. Jaribio lilisimamishwa, na kwa muda ilionekana kazi ya maisha yake imekwisha kwa sababu ya pikipiki moja. Lakini mkutano wa kijiji kile ulikaa bila yeye kuuitisha, ukamvua mwenyekiti wadhifa, pikipiki ikauzwa papo hapo mbele ya watu, na fedha zikarudi. Wafadhili waliposikia, walifungua tena milango. Bi Lini alisema hajawahi kufurahia wizi kama ule.

Alistaafu mwaka 2017 kwa barua tu. Kesho yake alikuwa ofisini kama kawaida, na askari wa getini akaambiwa asimsumbue.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alipasuliwa katika hospitali ya rufaa na kutibiwa kwa zaidi ya mwaka, akiuguzwa na mumewe na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi. Wodini aliendelea na kazi. Binti alipomnyang'anya simu, alimwagiza mgonjwa wa kitanda cha jirani ampigie. Binti yake alipomwambia, "Mama, pumzika, mfuko haukimbii," alijibu, "Haukimbii, ndiyo. Ndilo tatizo lenyewe." Mwezi Julai mwaka huu alipata habari kwamba bodi ya mfuko imekubali kuupigia kura utaratibu wake, ili uenezwe katika vijiji vyote vya wilaya. Aliomba jambo moja tu: asitafutwe afisa wa kumsemea, waende wanakijiji wenyewe. Bodi ilikubali. Bi Lini alifariki nyumbani kwake Jumatatu, tarehe 21 Agosti 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, dada wawili, na wapwa wengi waliojifunza kwake kutaja siku. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wanavijiji waliotembea tangu jana ili wawepo hapa leo. Tunamwomba Mungu ampe pumziko alilokuwa akilikataa.

Sisi tuliobaki tuna miadi. Alhamisi, tarehe 14 Septemba, saa tatu asubuhi, wanakijiji watatu waliochaguliwa na mikutano yao wataketi mbele ya bodi ya mfuko, ikiwa ni mara ya kwanza bodi hiyo kuwasikia wale inaowasaidia. Mmoja ni fundi cherehani, kutoka kijiji kile cha pikipiki. Wameshafanya mazoezi ya hoja zao mara nne kwenye sebule ya marehemu, na mumewe amekuwa akijifanya mjumbe mkali. Bodi ikikubali, fedha zitatoka Oktoba, mashamba yakiwa bado makavu. Kura itapigwa mchana, na jibu linatarajiwa jioni ileile.