Mama Zoezi na Chumba cha Kuoshea

Anayesoma wasifu huu ni mdogo wa marehemu. Kabla dada hajafumba macho alimkataza mambo mawili: kulia kwenye kipaza sauti na kumpamba. Hilo la pili halina shida. Dada alikuwa mkali na mbishi, na mara nyingi alikuwa sahihi, jambo lililowaudhi watu kuliko ukali wenyewe.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa baba mwashi na mama mkunga. Surua ilipoingia mtaani kwao, yeye akiwa na miaka tisa, aliwafungia wadogo zake wawili chumbani akawa anawapitishia chakula dirishani. Mama alimchapa kwa hilo. Wadogo hao hawakuugua, na mmoja wao ndiye anayewasomea hapa.

Alimaliza sekondari mwaka 1975 na kupata cheti cha uuguzi Novemba 1979. Mkuu wa shule aliandika kwamba ana akili ila hanyamazi. Baba alisema hayo yote mawili ameyatoa kwa mama yake, na mama hakukanusha.

Aliajiriwa hospitali kuu Januari 1980, akapanda hadi kuwa muuguzi msimamizi wa mapokezi ya dharura. Mwaka 2002 alihudhuria mafunzo kuhusu watu wanaoweza kusambaza magonjwa kwa makusudi, akarudi hakamatiki. Alitaka chumba cha kuoshea nje ya jengo, chenye maji yake, ili mtu aliyemwagikiwa kitu asichokijua avuliwe nguo na kuogeshwa kabla hajaingia wodini. Alitaka na mazoezi kila Jumatano. Wenzake walicheka. "Nani ahangaike na sisi?" walimuuliza. Akawajibu, "Wagonjwa wote wanatujua tulipo. Mwenye nia mbaya ndiye atapotea njia?" Chumba kilijengwa, na jina la Mama Zoezi likamganda.

Hakutaka kipaza sauti cha hospitali kitangaze sumu wala vijidudu, watu wasije wakakanyagana milangoni. Akachagua maneno ambayo hayamshtui mtu: "Shemeji amefika." Ukisikia hayo, funga mlango wa wodi, vaa glavu na barakoa, elekea chumba cha kuoshea. Mambo yalikwenda vizuri hadi mhudumu mgeni wa mapokezi, ambaye hakuwa ameelezwa, alipomtangazia daktari wa meno kwamba shemeji amefika. Na kweli shemeji yake alikuwa amefika, amevaa suti, na jogoo wa zawadi mkononi. Alivuliwa akaogeshwa kichwa hadi kidole, na jogoo naye akaogeshwa. Mkurugenzi alimwita marehemu ofisini, akamwambia amegeuza hospitali kichekesho. Dada akasema, "Mgeni ameoshwa kabla hajagusa kitasa. Nionyeshe walipokosea." Maneno yalibaki yale yale. Mashemeji wa kweli ndio waliobadilishiwa jina, wakaanza kuitwa wageni.

Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983, alikuwa amefunga ndoa na fundi cherehani, naye hakuponyoka. Ndiye aliyewashonea wauguzi mavazi ya plastiki ya mazoezi. Ya kwanza yalibana makalio, na moja likapasuka mbele ya wageni wa wizara. Marehemu alimrudishia yote. "Nimeoa mke, nimepata bosi," fundi alilalamika, huku akikata upya. Walijaliwa watoto watatu, na wote walijua kunawa kabla ya kujua kuhesabu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Oktoba 2009, katibu wa mkurugenzi alifungua bahasha isiyo na jina la mtumaji, unga mweupe ukamwagika mezani, na ndani mlikuwa na karatasi ya vitisho. Katibu hakupiga kelele. Alizima feni, akafunga mlango na kupiga simu mapokezi, na kipaza sauti kikasema shemeji amefika. Aliyetaka kukimbia ni mkurugenzi, aende nyumbani kwa wanawe. Dada alimzibia njia. "Ukitoka hivyo unawapelekea wanao," alimwambia. Mkurugenzi alivua, akaoshwa kama kila mtu. Maabara ilipotoa majibu kwamba unga ule haukuwa na madhara, akasema, "Kumbe ni unga tu." Dada akamuuliza, "Ulijua lini?" Kwa miaka tisa iliyofuata hakuna aliyethubutu kulifuta zoezi la Jumatano.

Alistaafu mwaka 2018. Saratani ya tumbo iligunduliwa Februari 2022. Alilazwa katika hospitali ile ile, akawa anawarudisha mlangoni madaktari wasionawa mikono. Huko wodini ndiko alikosikia kwamba mazoezi yamekoma, chumba cha kuoshea kimejaa viti vibovu na maji yamekatwa. Mkurugenzi wa sasa alipokuja kumjulia hali, dada alimuuliza sababu. "Mama, tangu uondoke hakuna kilichotokea," akajibu kwa upole. Dada alijiinua kwa kiwiko, jambo lililomuumiza. "Nimefanya kazi miaka yote ili uweze kusema hivyo," alimwambia, "na wewe umeligeuza hilo kuwa sababu ya kuacha." Alifariki Jumapili, tarehe 11 Juni 2023, saa moja asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Jana hospitali ilituletea rambirambi, tunashukuru. Imesema chumba kile kitapewa jina lake na kibao kitatundikwa mlangoni. Familia ilikaa ikakubaliana, na jibu linasomwa hapa mbele ya wote: kibao hatukitaki. Viti vitoke, bomba lifunguliwe, wauguzi warudi kwenye zoezi Jumatano. Siku mtoto wa mtu atakapoletwa pale na unga mwilini, jina la dada yetu halitamwosha.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mmoja aliyebaki, na wauguzi waliosimama nyuma pale wakiwa na sare, ambao hadi leo hawaambiwi mara mbili.

Mungu ampe dada yetu pumziko jema, na maji yarudi.