Shangazi na Geti Lisilowekwa

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, msimamizi wa kumbi wa jumba letu la utamaduni anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake la ofisini wachache wanalikumbuka. Kuanzia mwenyekiti wa kamati hadi wanafunzi wa uchoraji, sote tunamwita Shangazi. Mimi ndiye msanifu aliyelichora jumba hili. Wahariri wa jarida waliniomba maneno matamu, nami ninayo, ila lipo moja chungu ambalo lazima nilitoe. Afya yangu hainiruhusu kungoja toleo lijalo.

Alianza kama mfagiaji, kuta zikiwa bado zinanuka saruji. Ukumbi wa chini niliuchora wazi pande mbili, mtaa wa maofisi huku na mtaa wa magereji kule, ili mtu apite katikati ya picha na nyimbo akienda zake kazini. Kiti sikuchora hata kimoja. Nilidhani watu watasimama wima kulistaajabia zege langu. Wiki ya kwanza tu Shangazi akaburuta viti kutoka ghalani, huku akiwauliza wenzake, "Hivi huyu msanifu hajawahi kuona mtu aliyechoka miguu?" Nilikuwa nyuma ya nguzo. Viti vikabaki.

Akapanda hadi msimamizi wa kumbi, mwenye daftari la kuandikisha shughuli. Miaka kumi na miwili iliyopita kamati iliamua ukumbi ule uwekewe mageti ya chuma pande zote mbili, aingie mwenye kadi tu. Wapita njia, walisema, wanashusha hadhi. Lakini kanuni yetu inakataza fundi kuanza kazi katika ukumbi wenye shughuli iliyoandikishwa. Shangazi akahakikisha hakuna siku tupu: kwaya ya wauguzi, wanafunzi wa kushona, wazee wa drafti. Kamati ilipojaribu kuibadili kanuni ilikosa kura, maana nusu ya wajumbe walikuwa na shughuli zao humo humo daftarini.

Siku moja kwaya haikutokea na mafundi wakaingia na vipimo vyao. Shangazi akaandika upesi "Mkutano wa Wafagiaji", akaketi na wenzake wawili, ajenda ikiwa ufagio. Fundi mkuu alipokohoa, akaambiwa, "Baba, kikao kinaendelea. Una hoja, nyoosha mkono." Akanyoosha kweli, akauliza kama chai ipo. Ilikuwepo. Mkutano uliisha jioni.

Sasa lile chungu. Magazeti yamenisifu miaka yote hii kuwa mtetezi wa ukumbi ulio wazi. Nimepokea tuzo, nimehutubia. Ramani ya yale mageti niliichora mimi, nikaitia saini, kwa kuogopa kunyimwa jengo lililofuata. Shangazi aliiona saini siku ile ile niliyoitia. Hakunitangaza. Aliniletea kikombe cha chai, akasema, "Kaka, mkono wako umeteleza," kisha akaenda kuwaandikisha wauguzi. Sifa nilizobeba ni zake. Nazirudisha hapa, mbele yenu nyote, kwa kuchelewa na kwa aibu.

Kamati imekuwa ikisubiri aondoke. Mafundi wameitwa Jumatatu. Basi wasome na hili: jana niliifuta saini yangu kwa barua, na nakala nimeibandika ubaoni, karibu na lifti. Wakitafuta msanifu mwingine, naye atangoja ukumbi uwe tupu. Nami nimeuandikisha. Shughuli: kumuaga marehemu msanifu. Tarehe: haijajulikana. Shangazi ameipokea kwa mwandiko wake na kuitia alama katika kila ukurasa kuanzia Jumatatu. Kwaya na wanafunzi wa kushona wataendelea na mazoezi yao humo hadi mwenye shughuli atakapokuwa tayari. "Usiwe na haraka, Kaka," aliniambia, akafunga daftari na kumkabidhi msimamizi mpya, aliyemfundisha kazi mwenyewe.

Sina haraka.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila siku uliyoijaza. Kapumzike, ulale hadi jua liwe juu, na mtu asikuitie kikao. Tunakutakia maisha mema na marefu. Ukiwa na safari ya mtaa wa pili, usizunguke jengo. Pita katikati.