Chanjo ya Kikombe Kimoja

Kijiweni kwa Mama Hawah, mjini Arua, kahawa hunywewa kwa kikombe kimoja tu. Si kwamba vikombe vimekosekana. Hawah anavyo sita ndani ya beseni. Ila babu za wateja wake walikuja huku na jeshi kutoka Sudan, na watu wa kikosi kimoja hawanywi kila mtu na kikombe chake. Asiyetaka kuchangia aende hotelini akakae peke yake. Asubuhi hiyo ya Ijumaa, Shafiki, ambaye wenzake humwita Sajenti ingawa bunduki ameiona kwa mbali tu, alikuwa amekaa na jambo asilotaka kulisema. Kesho yake binti yake Jalia alikuwa anampa mwanawe wa kwanza jina, na babu ndiye wa kumpakata na kulitamka sikioni mwake. Alipokuwa mjamzito, Jalia alichanjwa dhidi ya homa ya mafua, akaweka sharti: atakayembeba mtoto awe amechanjwa wiki mbili kabla, maana mtoto mchanga hachanjwi homa hiyo, kinga yake ni watu wanaomzunguka. Shafiki alimwambia amechanjwa zamani. Uongo mtupu! Aliifikia kliniki ng'ambo ya barabara, akaiona sindano, akageuka akarudi.

— Hii chanjo iko na maneno, — alianza Hakimu, ambaye wanamwita Redio, kwa kuwa hahitaji betri na hazimiki. Alikohoa mara mbili, akanywa, akampa Shafiki kikombe.

— Maneno gani? — aliuliza Paulino, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Sudan Kusini. Wiki tatu zilizopita mkewe Poni alimkokota hadi kliniki. — Mimi walichoma. Mkono iliuma siku moja, basi. Jioni nilikula samaki mbili.

— Wewe damu yako iko ngumu. Sikia mimi. Homa hapana ugonjwa, homa iko msafiri. Inatoka Koboko kwa lori ya simsim, inashuka hapa kula chakula, inaendelea Inde siku ya soko. Ukiacha yeye, yeye mwenyewe iko naenda.

— Mwaka jana yangu ilikaa wiki mbili, — alisema Hawah kutoka jikoni. — Ilikuwa inangoja lori gani?

— Lori iliharibika, — alijibu Redio bila kupepesa macho.

Walicheka, na Shafiki akacheka nao, lakini cheko lake lilikatikia njiani. Alikikodolea macho kikombe.

— Tuseme mutu hapana chomwa, — alisema polepole. — Lakini kila siku iko nakunywa kahawa na mutu ya kuchomwa. Dawa kidogo haiwezi kuingia kwa yeye?

Uso wa Redio ulinawiri.

— Wallahi, Sajenti! Paulino alichomwa. Mdomo ya Paulino iko kwa kikombe. Kikombe iko kwa mdomo ya sisi yote. Basi kikosi yote imechanjwa!

— Mimi nilichomwa mkono, hapana mdomo.

— Na kikombe unashika na nini?

Paulino aliutazama mkono wake kwa heshima mpya.

— Kumbe ndiyo sababu iliuma siku moja tu, — alisema. — Ile ingine mlikunywa nyinyi.

— Na tangawizi ya Hawah ndani ya kahawa iko nasukuma dawa mpaka kwa watoto ya nyumbani! — Redio alikuwa amesimama sasa. — Wakubwa wangejua, wangechoma mutu moja ya kahawa kule Manibe, moja kule Dranya, kazi imekwisha!

— Jina yangu hapana weka kwa hiyo maneno, — alisema Hawah.

Hakuna aliyemsikiliza. Waliamua Paulino awe wa kwanza kunywa katika kila zamu, ili dawa ishuke kwa utaratibu. Shafiki si mjinga. Alijua ni porojo. Lakini porojo hiyo ilimfaa kuliko nyingine zote alizowahi kuzisikia hapo. Alikunywa zamu tatu, na kila zamu uongo aliomwambia Jalia ukapungua uzito.

Mara akaja mama mmoja, Kiden, aliyemleta mama yake mzazi kutoka Dranya kuchanjwa na kumwacha kwenye foleni ya kliniki. Aliwasalimia, akaomba kahawa. Redio alikohoa kwenye kiganja, akafuta kiganja kwenye suruali, akampa kikombe kwa adabu zote huku akimweleza uvumbuzi wao tangu mwanzo. Kiden alisikiliza mpaka mwisho. Hakunywa.

— Mzee, — aliuliza, — kama dawa ya huyu iko napita kwa kikombe, kikohozi yako iko napita wapi?

Redio alikificha kiganja mfukoni. Paulino aligeuka kutazama barabara, ambako hapakuwa na kitu. Hawah alichovya mkono kwenye beseni, akatoa kikombe cha pili.

Shafiki alianza kuhesabu. Redio alikuwa na siku tatu anakohoa. Mara ngapi alikuwa amepokea kikombe kutoka mkono ule? Na mdomo huu huu ndio wa kuuweka kwenye sikio la mtoto kesho, mtoto ambaye kifua chake chote kinaenea kwenye kiganja! Aliogopa, aliogopa kweli. Alitoa simu.

— Jalia, mama. Kesho hapana nipa mimi mtoto.

— Kwa nini, Baba?

— Mimi hapana chomwa. Nilidanganya. Naenda sasa hivi, lakini dawa inataka wiki mbili. Na hapa nimekunywa na mutu ya kukohoa.

Redio alikibana kikohozi mpaka machozi yakamtoka.

— Baba, mimi najua, — Jalia alisema. — Wewe ungechomwa, Arua yote ingesikia. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe.

— Na kama singesema?

— Ningetoa mtoto kwa mkono yako, mbele ya wageni yote.

Shafiki alikunja mkono wa shati palepale, akavuka barabara.