Mzee wa Mikia Anatuachia Kilatini

Miaka thelathini na minne ya kufundisha Kilatini shuleni hapa inatimia tarehe 30 Juni, siku Mwalimu wetu atakapokabidhi ufunguo wa darasa la ghorofani. Wanafunzi wanamwita Mzee wa Mikia, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo ni haki yake. Sisi tumezoea kutazama kichwa cha neno: mtoto, watoto. Kilatini, husema yeye, kishike mkiani, pale neno linapoishia. Puella ni msichana anayetenda. Puellam ni yuleyule akitendewa. Puellas ni wasichana wengi wakitendewa. Mwema wa kiume ni bonus, wa kike ni bona.

Alikuwa akiwavisha wanafunzi kadi shingoni, kila mmoja neno lake, kisha akiwaamuru wabadilishane nafasi. Mwenye kadi ya mkulima angeweza kusimama mwisho kabisa, na bado, kwa mkia wa neno lake, ndiye aliyempenda msichana. Mwaka mmoja mkaguzi wa elimu aliingia, akavishwa kadi ya kitenzi, akasimama dirishani mpaka kengele ikalia.

Sasa niseme ukweli: naogopa. Jumatatu darasa hilo linakuwa langu. Wanafunzi ni kumi na mmoja, mtihani wa taifa ni baada ya wiki tatu, na mkuu wa shule ametamka wazi kwamba wakifeli, somo linafutwa. Nilimwomba Mzee daftari la maandalizi. Hana. Yote yamo kichwani mwake.

Jumanne nilifundisha yeye akiwa nyuma. Niliwapanga wanafunzi na kadi zao, nikawachanganya, nikachanganyikiwa mimi. Jasho likanitoka. Nilipotupa macho nyuma kuomba msaada, kiti chake kilikuwa kitupu. Nilikasirika, sifichi.

Binti mmoja akainuka, akachukua chaki. Mwingine akambishia, wa tatu akawasahihisha wote wawili, na sentensi ikakaa sawa.

Nilimkuta Mzee koridoni, sikio ukutani. Alikiri kwamba kila mwaka, zikibaki wiki tatu kabla ya mtihani, hutoka hivyo kusikia kama wataweza bila yeye. Na kila mwaka, alisema, hudhani safari hii hawataweza.

Asante, Mwalimu, kwa yote, hata kwa kile kiti kitupu. Nenda ukaishi kwa raha na afya, wewe na mama watoto. Ila Jumatatu asubuhi, tafadhali, usizime simu.