Maji Mwisho Kifundoni

Ndugu wafiwa, majirani, wanakamati wa mazishi, na ninyi nyote mliokuja na magari, poleni kwa msiba. Historia hii inasomwa na mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa kwao, fundi wa kuchomelea, ambaye tangu jana ameonywa na wakubwa wa familia kwamba asome kilichoandikwa na asiongeze hata neno moja, naye amekubali bila kinyongo, kwa sababu kilichoandikwa amekiandika mwenyewe.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha mpunga, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mpima mizani wa kinu hicho na mkewe, na wazazi walikuwa wakisimulia kwamba siku hiyo mashine iligoma, kukawa kimya mtaa mzima, hivyo kila mtu alisikia kilio chake cha kwanza, na tangu hapo hakuwahi kujifunza kusema kwa sauti ya chini, iwe shambani, iwe sebuleni kwake, iwe mbele ya mtu mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka.

Alianza shule ya msingi Januari 1966, akawa mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, ila shule hakuimaliza, kwani Aprili 1971, mpunga ulipoanza kujaza, baba alimtoa darasa la sita akaamie ndege, yaani ashinde juu ya dungu katikati ya shamba, akipiga debe bovu na kuvuta kamba za makopo ili ndege wasishuke kwenye masuke. Aliambiwa ni kwa msimu mmoja tu, msimu ukazaa msimu, na dawati lake likapata mwenyewe mwingine. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, wala hakulificha, alikuwa akisema kwamba ndege wale walikula mpunga wa baba, kisha wakala na shule yake.

Mwaka 1974 aliajiriwa kinuni kushona magunia, na huko ndiko alikoonana na fundi wa mashine, kijana mpole asiyesikia vizuri kwa sababu ya kelele za mtambo, wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980, na watu wa kinuni walitania kwamba wamefaana, mmoja hasikii, mwingine anapiga kelele. Mume huyo yuko hapa mbele, na wanaompa pole leo wakumbuke kuinua sauti. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza alizaliwa 1982, wa pili 1985, na wa mwisho 1994, na walipata majaruba yao ya mpunga upande wa chini wa bonde, yakipakana kwa juu na majaruba ya shemeji yake, kaka wa mume, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi na mwenyekiti wa karibu kila kitu kingine hapa kwetu.

Mtoto wa mwisho alikuwa na kifua kibovu. Kila baada ya mavuno bonde zima lilichoma mabua ya mpunga, moshi ukajaa vyumbani, ukalala kwenye mapazia na kwenye mito ya kulalia, na marehemu alikuwa akimbeba mtoto mgongoni hadi zahanati huku akiwatukana wachomaji kwa majina ya baba zao, kisha anarudi na kuchoma mabua yake mwenyewe, kwani hapakuwa na namna nyingine ya kuyamaliza kabla ya msimu wa kupanda. Familia inalisema hili kwa sababu marehemu hakuwa malaika, na hatutaki kumpamba.

Oktoba 2013 alifika kinuni kijana wa shirika la kuhifadhi ndege wa majini, ana darubini shingoni, na kabla ya chai kumalizika alikwisha kubatizwa jina la Bwana Darubini. Aliwaeleza wakulima kwamba wakishavuna wasichome, bali wazibe mifereji na kuacha maji yatuame majarubani hadi karibu na kupanda, ili mabua yaoze humo humo, na ndege wanaokimbia barafu za nchi za mbali wapate pa kutua na pa kula, na kila mkulima atakayefanya hivyo shirika litamlipa. Ukumbi ulicheka hadi mabati yakatikisika. Shemeji alisimama akauliza kama wageni hao watahitaji pia kutandikiwa vitanda na kupashiwa maji ya kuoga. Marehemu, aliyemaliza utoto wake akiwafukuza ndege hao hao, hakucheka, aliuliza swali moja tu, maji yawe ya kina gani, na Bwana Darubini akamjibu kwamba mwisho kifundoni, kwa sababu wengi wao wana miguu mifupi, maji yakizidi hapo hawawezi kusimama wala kula. Marehemu akaweka sahihi wa kwanza, na alisema waziwazi kwamba anasaini kwa ajili ya malipo, kwani mtoto wa mwisho alikuwa amepata nafasi ya chuo, na ndege waliomlia yeye shule sasa wangemlipia mwanawe.

Kesho yake alikwenda karakana kwa mdogo wake, akavua kiatu, akasimamisha mguu kwenye bati nene la chuma, akaagiza achorwe alama ya chaki usawa wa kifundo, na bati likakatwa hapo hapo kwenye alama, likawa mlango wa maji wa shamba lake. Likitumbukizwa kwenye mfereji, maji hupanda hadi ukingo wake wa juu, na yanayozidi humwagika yenyewe. Kwa hiyo kina cha maji ya shamba lile kilikuwa ni kimo cha kifundo cha mguu wa marehemu, si cha mtu mwingine yeyote, na ndivyo alivyopata jina la Mama Kifundo, ambalo wengi wenu mlimwita kwa dhihaka, naye akaliitikia.

Ndege walikuja, tena kwa wingi, wakakanyaga mabua na kuokota funza, na msimu huo mtoto wa mwisho alirudi likizo akalala usiku kucha bila kukohoa. Marehemu na mumewe walikuwa wakikaa juu ya tuta asubuhi, wamegeuza madumu kuwa viti, chai mkononi, yeye akiwagombeza ndege kwa majina aliyowapa mwenyewe, mumewe akitikisa kichwa kwa yote asiyoyasikia. Wanaosema alikuwa na hasira maisha yake yote hawakumwona akiwa juu ya tuta lile.

Walipoona analipwa, wote waliocheka wakasaini, na shemeji akatangulia mbele kana kwamba wazo lilikuwa lake. Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo familia haitalifunika leo. Walijiambia kwamba anayelipia maji atalipa zaidi kwa maji mengi, wakainua matuta yao kwa udongo mbichi na kujaza majaruba hadi mapajani, wakawa wakiyapunguza siku ya ukaguzi na kuyajaza tena gari la shirika likiondoka, na ndege walipopita juu na kwenda kutua kwa Mama Kifundo, zikaanza kauli kwamba anawafunga ndege kwa dawa. Bwana Darubini aliwaeleza, wakamwitikia ndiyo mzee. Marehemu alimwambia shemeji yake, si mara moja, kwamba tuta lake limepasuka, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akajibiwa mbele ya watu kwamba ameolewa kwenye ukoo huu, hakuja kuukagua.

Tarehe 9 Januari 2024, asubuhi, tuta la shemeji lilikatika. Maji yote yale yalishuka kwenye shamba la marehemu na kuanza kuelekea nyumba za chini, nayo ni maji ya asubuhi, yenye baridi ambayo hata mbwa anaikataa. Marehemu, mwanamke wa miaka sitini na mitano, aliling'oa bati lake ili maji yapate njia ya mfereji mkuu, kisha akaingia kwenye pengo na jembe na magunia, yakamfika kifuani, na juu ya tuta walisimama wanaume wenye afya zao wakijadili pengo hilo ni la nani, na mwenye tuta alikuwa kwenye simu akiuliza ofisini kama kuna fidia. Waliosimama wanajijua, na kwa kuwa wamekaa viti vya mbele, hakuna haja ya kuwatafuta. Pengo lilizibwa, nyumba za chini hazikuguswa, naye kabla ya kwenda kubadili nguo alisubiri maji yapungue, akalirudisha bati mahali pake.

Jioni ile alianza kutetemeka, tarehe 12 alilazwa, madaktari wakasema ni homa ya mapafu, na kwa siku alizobaki alikuwa akiuliza jambo moja kila alipopata pumzi, kama maji yamerudi kifundoni, akaambiwa yamerudi na ndege wapo, na ilikuwa kweli. Alifariki tarehe 19 Januari, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Historia ya marehemu kwa kawaida huishia hapo, lakini hii haiishii hapo, kwa sababu jana, wakati wanawe wakiwa hospitali kushughulikia mwili, kamati ya mazishi ilikaa, ikaona wageni watakuwa wengi na magari yatakosa pa kuegeshwa, na mwenyekiti akatoa amri shamba la marehemu likaushwe. Shamba lake mwenyewe ni kubwa zaidi na liko karibu zaidi na barabara, ila lake hakulitaja. Wakang'oa bati, wakayaachia maji, wakamwaga pumba za kinuni juu ya tope, na ndege waliokuwapo wakaruka wote kwa pamoja, jirani zetu wa chini wanasema walizunguka juu ya shamba muda mrefu kabla ya kukata tamaa. Aliuawa na maji ya shemeji yake, na kabla hajazikwa wamemwaga na ya kwake. Magari yenu yamesimama pale. Na la kwanza kuingia liliponasa, walichomeka chini ya tairi kitu walichokiona karibu, nacho ni lile bati, kifundo cha dada yetu, likapinda. Mliouliza kwa nini msomaji amechelewa kufika msibani na mikono ina masizi, jibu ndilo hilo, alikuwa karakana tangu alfajiri akilinyoosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao hawakuchoka naye ingawa aliwagombeza, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kinuni, waliozima mashine leo ili mtaa uwe kimya kama siku aliyozaliwa, inawashukuru majirani wawili, mwuza mkaa na mwashi, walioingia naye majini, na majirani wengine inawashukuru kwa kushuhudia. Inamshukuru pia Bwana Darubini, aliyesimama kule nyuma kwa kukosa kiti, ambaye ametuambia kwamba ndege hawajafika mbali, na maji yakirudi upesi, nao watarudi.

Mwisho ni tangazo, na mwenyekiti asihangaike kusimama. Tukishamaliza kuzika, msomaji huyu hatapita kunawa mikono, atakwenda moja kwa moja mferejini na bati lake, wanawe marehemu watamsaidia, na maji yataingia shambani leo hii, gari liwepo lisiwepo. Wenye magari msiwe na hofu ya kuzama, maji hayatapita kipimo. Mtakapovua viatu na kukunja suruali kwenda kuyafuata, tazameni maji yatakapowafikia miguuni, hapo ndipo alipotaka yafike.

Dada, bati limenyooka. Pumzika kwa amani.